Boksi Ishirini na Mbili za Dada Yake Tak

5 Novemba
Wamemkubali Solbi! Karibu wote waliinua mikono, na ambaye hakuinua alikuwa amesinzia. Kuanzia wiki ijayo oda zote za kabichi za chumvi, zile watu wanazopaka pilipili kutengeneza kimchi, za kikundi chetu cha akina mama zitapita kwenye programu aliyoitengeneza binti yangu, niliyemzaa mimi mwenyewe ninayeandika hapa.

Mwenyekiti Tak hakutabasamu. Tak huwa hatabasamu, nadhani anaweka akiba. Alisema: "Msimu mmoja tu. Katikati ya Desemba, tukishamaliza kutuma, tunakaa tena. Ikienda vizuri, kikundi kinamwajiri Solbi na anabaki hapa Songnae. Ikiharibika, tunarudi kwenye simu na kalamu, naye anarudi Seoul."

Kule Seoul kampuni yake imemwekea kiti chake mpaka katikati ya Desemba hiyohiyo. Mimi nataka abaki. Naliandika wazi hapa ili nisije nikajifanya baadaye kwamba nilikuwa sina upande.

6 Novemba
Mvua. Kabichi zimefunga vizuri.

7 Novemba
Nimemwambia Solbi anieleze programu yake kwa maneno ya mtu aliyeishia darasa la sita. Akanieleza huku akinimenyea tunda la kaki. Mteja anatuma ujumbe kwa simu. Ndani ya ujumbe mna jina, anwani, siku anayotaka mzigo ufike, na idadi ya boksi. Kompyuta haioni hayo yote. Inaona kamba moja ndefu ya herufi, basi. Kwa hiyo unaiambia: kila ukikutana na mkato, kata hapo, mkato wenyewe utupe, weka vipande kwa mpangilio. Kipande cha kwanza ni jina, cha pili anwani, cha tatu siku, cha nne boksi.

Nikasema, "Kama mimi ninavyopasua kabichi."

"Hapana, Mama. Wewe unaangalia kabichi. Hii haiangalii kitu. Inatafuta alama tu."

"Mbona ni kipofu hivyo?"

"Ni kipofu lakini haichoki."

Nilimpelekea Mama Giram wa jirani maelezo hayo jioni, nikaongeza na yangu. Aliniambia, "Mama Solbi, tangu huyo mtoto azaliwe hujawahi kuja hapa kuomba chumvi tu ukaondoka."

9 Novemba
Leo Solbi amewafundisha akina mama kwenye ukumbi wa kijiji. Sakafu, ambayo wakati wa baridi huwashiwa moto kwa chini, ilikuwa imechemka mpaka tukakaa upande upande. Alisimama na fulana yake ya sufu, akaandika ubaoni mfano wa oda, na kati ya kila kitu na kitu akaweka mkato. Nilikaa mbele ili wanione.

Bibi wa Gangjin, tunayemwita kwa mji alikozaliwa, ambaye ana miaka themanini na mbili na kila mwaka huagizia watoto wake watano waliotawanyika mijini, aliinua mkono.

"Hicho kimkia ndiyo nini?"

"Mkato, Bibi. Unatenganisha."

"Kwenye simu yangu hakipo."

"Kipo, Bibi, ngoja nikuonyeshe."

"Kipo, lakini ni kidogo. Mimi natumia wimbi."

Solbi akauliza wimbi gani, akina mama wote wakacheka, maana hakuna mwanamke wa hapa aliyepita miaka sitini asiyemaliza maneno kwa ile alama ya wimbi, ~. Ukiandika "nimefika" bila wimbi, mtu anadhani umenuna. Ukiweka mawimbi mawili, ndiyo umemkumbatia.

"Bibi, kwenye oda si lazima," Solbi akasema. "Ni kompyuta tu inayosoma."

"Kwa hiyo niandike kama polisi?"

"Andika na mkato tu, Bibi yangu."

"Haya. Kimkia." Akaguna. Nilijua palepale kwamba hatakiandika hata kimoja.

12 Novemba
Oda za kwanza zimeingia. Nilimkuta Solbi ameshika shavu mbele ya kompyuta. Kwenye sehemu ya jina kulikuwa na ujumbe mzima wa Bibi wa Gangjin, kuanzia mtoto wa kwanza mpaka mafua yake, na sehemu nyingine zote tupu. Hakuweka mkato hata mmoja. Kompyuta ilitafuta pa kukata, ikakosa, ikameza yote kama jina la mtu.

Tumecheka. Tak alipopita kuuliza mambo yanaendaje, tukaacha kucheka.

13 Novemba
Baridi. Solbi amepiga simu kwa kila aliyetuma, mmoja mmoja. Sauti imemkauka.

15 Novemba
Binti yangu ameweza. Amesema kama akina mama hawataki kuacha mawimbi, basi programu ndiyo ijifunze. Sasa inakata kwenye mkato na kwenye wimbi pia. Akarudisha ujumbe wa Bibi wa Gangjin, mstari kwa mstari, ukakatika vizuri, kila mtoto na mji wake na boksi zake. Bibi alipoambiwa akasema, "Nilijua ikikaa na sisi itastaarabika."

Nilikwenda sokoni Haenam kununua glavu na nikawaambia watu wa vibanda vyote kuanzia kwa muuza uduvi mpaka kwa muuza mitego ya panya. Nimesema andikeni mnavyotaka, wekeni mawimbi, wekeni bahari nzima, mashine ya Solbi inaelewa. Solbi hajui kama nilisema hivyo. Wala hakuniambia niseme.

16 Novemba
Kupasua, kutia chumvi. Mgongo.

17 Novemba
Kusuuza mara tatu, kuchuja. Mgongo.

18 Novemba
Oda zinakuja kama mvua. Hata watu wa Mokpo. Baba Solbi, ambaye husema sentensi mbili kwa siku, leo amesema ya tatu: "Mtoto ana akili." Nikamwambia amechelewa sana kuligundua hilo.

Tak ananichosha. Anasimama nyuma ya kila mtu kwenye banda la kufungashia, anasoma lebo kimya kimya huku midomo ikicheza. Nilimwuliza kama anatafuta makosa. Akasema, "Nasoma." Nadhani anataka binti yangu aanguke. Kuna watu hawapendi kitu kipya mpaka kife wakizike.

20 Novemba
Kati ya lebo za leo imetoka oda ya boksi ishirini na mbili kwa mtu mmoja, Gwangju. Boksi moja ni kilo ishirini. Baba Solbi alishika zile lebo akauliza, "Zote hizi?" Nikamwambia kuna watu wana ukoo mkubwa, na kuna watu wamesikia habari za programu. Tulipakia. Nilibandika lebo kwa mkono wangu na nilijisikia vizuri sana. Tak alikuwa ameenda kliniki kwa ajili ya goti.

21 Novemba
Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tisa mchana Tak aliingia bandani akiwa ameshika simu mbali na sikio, kwa sababu aliyekuwa upande wa pili alikuwa anapiga kelele. Alikuwa dada yake, Sunnim, mjane wa miaka sabini na nane, anayeishi Gwangju ghorofa ya nne kwenye jengo la zamani lisilo na lifti. Mtu wa mizigo alikuwa ameshusha boksi ishirini na mbili za kabichi za chumvi chini ya ngazi, akapiga picha, akaondoka.

"Aliagiza ngapi?" Solbi akauliza.

"Mbili," Tak akasema. "Yuko peke yake. Atakula ngapi?"

Solbi akafungua ujumbe wenyewe kwenye kompyuta, sisi tukasimama nyuma yake. Nilikuwa na mabuti ya mpira na maji yalinitiririka sakafuni. Sunnim aliandika jina, wimbi, anwani, wimbi, kisha siku: anataka mzigo ufike kati ya tarehe 20 na 22. Kwetu mtu akitaka kusema kutoka siku hii mpaka ile, anaweka wimbi katikati: 20~22. Halafu wimbi jingine, halafu boksi 2, halafu mawimbi matatu ya shukrani.

Hakuna aliyelazimika kunieleza. Niliiona mwenyewe. Mashine ilikutana na wimbi kati ya 20 na 22, ikakata. Kipande cha tatu, siku: 20. Kipande cha nne, boksi: 22. Ile mbili ya kweli, ambayo ndiyo mama wa watu aliiomba, ilitokea kipande cha tano, na cha tano hakikuwa na mahali. Ikatupwa.

"Ziko nyingine za namna hii?" Tak akauliza.

Solbi alikuwa ameshaanza kutafuta. Zilikuwepo tatu, zote bado hazijatoka bandani. Alizitenga, kisha akakaa.

Mimi ndiye niliyesema. Nikasema dada yako naye, kwa nini asiandike tarehe moja kama watu wengine? Tak alinigeukia. Kabla hajafungua mdomo, Solbi akasema, "Mama, acha."

Akasimama, akamwinamia Tak mpaka nikaona shingo yake. "Mwenyekiti, dada yako aliandika sawa. Mimi niliiambia ikate mahali ambapo hapakatwi. Na vilivyobaki niliiambia ivitupe bila kuniuliza. Kosa ni langu."

Akina mama walikuwa wametulia na visu mikononi. Nilimsubiri Tak aseme Desemba imefika mapema mwaka huu.

Tak akasema, "Kabichi za chumvi zinangoja siku ngapi?"

"Kesho. Keshokutwa zimeanza kuchachuka," nikajibu.

"Basi acheni kuinamiana. Nani ana pilipili ya unga?"

22 Novemba
Tumeondoka alfajiri na lori dogo la Baba Solbi. Nyuma tulipakia mabeseni, figili, vitunguu saumu vilivyopondwa, uduvi wa chumvi, mchuzi wa dagaa, na pilipili ya unga iliyotoka nyumba zaidi ya kumi. Mbele tulikaa mimi, Baba Solbi na Tak. Solbi alikaa nyuma na mabeseni, ametaka mwenyewe. Nilimpa blanketi.

Njiani Tak hakunisema. Nilikuwa nimejiandaa kusemwa, nikawa sina la kufanya na majibu yangu. Karibu na Naju nikamwambia, "Lebo nilibandika mimi. Baba Solbi aliuliza, mimi nikamjibu ukoo mkubwa."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Unabandika kwa kupinda, nimeziona kwenye picha," akasema Tak, na akatazama barabara. Sijui kama huo ulikuwa utani. Baba Solbi alikohoa, na yeye hukohoa hivyo anapozuia kicheko.

Sunnim alitungoja chini, juu ya boksi mojawapo, amevaa koti la marehemu mumewe. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri na sauti ni kubwa kuliko mwili. "Ndiyo hawa wanaotaka kunizika kwenye kabichi?" Solbi akainama, akaeleza upya yale aliyoeleza bandani, hakupunguza hata neno.

"Kwa hiyo niache kuandika wimbi?" Sunnim akamwuliza.

"Hapana, Bibi."

"Maana nikiandika bila wimbi mwanangu ananipigia, Mama una nini? Anadhani naumwa."

"Usiache. Mimi ndiye nitakayebadilisha."

Tukatandika maturubai kwenye maegesho, tukaanza kupaka kabichi viungo. Nilikuwa nimeogopa tutakuwa wanne na kilo mia nne za kabichi, lakini wanawake wa jengo hilo walituona kutoka madirishani na hawakuweza kuvumilia. Mwanamke wa ghorofa ya pili alishuka kusema tunaweka uduvi mwingi mno. Akakaa. Mwingine alishuka kumpinga. Kufika saa sita tulikuwa kumi na kitu, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, na kila mmoja akiwa na hakika kwamba mama yake ndiye aliyejua. Mtu akachemsha nyama ya nguruwe. Sunnim alikuwa anatembea kati ya mabeseni akiwaambia watu, "Nimeagiza nyingi kidogo."

Solbi hakupumzika. Nilimwona anatazama mikono ya mwanamke wa ghorofa ya pili inavyoingiza viungo jani kwa jani kutoka shinani. Sikumwita aje nimtambulishe kwa watu. Nilitaka, nikaacha.

Kila nyumba ilichukua yake. Hasara ya kikundi ipo, na Tak ameiandika mahali pake. Hapa siiandiki.

23 Novemba
Nimelala.

25 Novemba
Banda limefungwa kwa oda mpya mpaka Solbi atengeneze. Akina mama wamegawanyika. Mama Giram amesema wazi kwamba kalamu haijawahi kumtumia mtu boksi ishirini na mbili. Ni kweli, haijawahi.

Kampuni ya Seoul imempigia Solbi. Wanataka jibu.

28 Novemba
Ameonyesha alichofanya, ukumbini, mbele ya wote. Nimekaa nyuma leo.

Kwanza, wimbi likiwa katikati ya namba mbili, mashine hailigusi. Pili, ikishakata, haipeleki kitu bandani. Inamrudishia mwenyewe vipande vyake, kila kimoja mstari wake: jina lako hili, anwani hii, siku hizi, boksi mbili, ni sawa? Inangoja ajibu ndiyo. Tatu, haitupi tena. Kipande kisicho na mahali kinawekwa pembeni, kwenye sehemu aliyoiita mabaki, na mtu lazima akisome.

Tak akasema, "Kwa hiyo sasa inauliza."

"Inauliza, Mwenyekiti."

"Ingeuliza tangu mwanzo."

"Ndiyo."

Bibi wa Gangjin akajaribu palepale. Simu yake ikalia, akasoma kwa sauti vipande vyake vyote mpaka mwisho, uso ukamng'aa. "Imenijibu! Watoto wangu watano hawajibu hivi." Akaandika ndiyo na mawimbi manne, akaongeza, umekula? Mashine ikachukua ndiyo. Ile "umekula" ikaenda kwenye mabaki.

Banda limefunguliwa.

1 Desemba
Theluji ya kwanza, nyepesi. Hakuna mzigo uliokosewa.

4 Desemba
Hakuna uliokosewa. Nilikutana na muuza mitego ya panya, akaniuliza mashine inaendeleaje. Nikamwambia vizuri, nikanunua kamba, nikaondoka. Alinitazama kama mtu mgonjwa.

7 Desemba
Mabaki yamejaa. Solbi hukaa na simu baada ya chakula akiyasoma na kuyajibu. Leo nimesoma naye. Mmoja wa Yeosu ameandika: mwaka huu boksi moja tu~ mzee amefariki mwezi wa nane~. Boksi moja imekwenda mahali pake, na lile la mzee likabaki pembeni. Mwingine: msitie chumvi nyingi~ figo za mume wangu~. Mwingine: yule mama aliyepokea simu mwaka jana bado yupo~? Sauti yake ilinifurahisha~~. Yule mama ni mimi.

Solbi alimwandikia wa Yeosu. Alifuta mara nyingi. Mwisho aliandika maneno machache na mawimbi mawili, kisha akafuta wimbi moja, akalirudisha.

10 Desemba
Tumetuma boksi za mwisho. Solbi ameniambia jambo akiwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Kwamba programu sasa haimhitaji awe hapa. Anaweza kuitazama akiwa Seoul, akiwa popote. Kikundi kikiipenda kitabaki nayo bila kumwajiri mtu.

Nilikuwa nimeomba msimu mzima ifanye kazi vizuri. Imefanya kazi vizuri. Nikamwambia avisuuze vikombe tena, vina povu.

12 Desemba
Tak amekuja nyumbani. Alivua viatu, akakaa, akakataa kaki, kisha akala tatu. Baba Solbi akatoka kwenda kutazama kitu ambacho hakipo.

"Solbi, umeshawajibu Seoul?"

"Bado, Mwenyekiti."

"Nimekuja na swali moja. Hayo mabaki atayasoma nani?"

Solbi akasema yeyote wa kijijini anaweza kufundishwa, ni rahisi.

"Yeyote ndiyo nani? Mimi? Mtu akiniandikia mumewe amefariki nitamjibu 'pole', nukta, atadhani nimemfukuza. Mama Giram? Atamsimulia mumewe yeye alivyofariki. Mama yako huyu?" Akanitazama. "Mama yako atamwambia mjane wa watu jinsi ulivyokuwa wa kwanza darasani."

"Alikuwa wa kwanza," nikasema.

"Unaona?" Tak akafuta vidole. "Kukata hata Seoul watakata. Kilichobaki pembeni kinataka mtu anayewajua hawa wazee, na anayefuta mara tatu kabla hajatuma. Nilikuona Gwangju. Ulilazimika kulisema kosa mara ya pili, ukalisema lilelile, halikupungua. Jina lako nalipeleka mimi mkutanoni. Siwezi kukuahidi kura. Mama Giram atapinga, na ana watu wake."

Solbi akauliza, "Na wakikataa?"

"Utakuwa umekosa kote kuwili. Fikiri vizuri."

Nilifungua mdomo. Nikachukua kaki nikaanza kuimenya.

13 Desemba
Solbi amepiga simu Seoul kutoka uani, amevaa mabuti yangu ya mpira. Sikusikia alichosema, dirisha lina plastiki ya kuzuia baridi. Aliporudi ndani alisema wampe mtu mwingine kile kiti. Kikundi hakijapiga kura na yeye ameshakata.

Nikamwambia hajui hata Mama Giram ataleta watu wangapi. Akasema analijua hilo. Nikamwambia ana kichwa kigumu kama baba yake. Baba yake akasema ni kama mama yake, na hiyo ilikuwa sentensi ya nne kwa leo.

14 Desemba
Nimepita nyumba kwa nyumba. Sikusifu chochote, nimeuliza tu kama watakuja. Bibi wa Gangjin anakuja, mwanawe wa tatu atamleta kwa gari. Mama Giram anakuja na dada zake wawili na hakuniambia wataunga mkono nini, alinipa tu chumvi ambayo sikuomba. Sunnim hana kura, lakini anakuja na basi la asubuhi kutoka Gwangju na amesema ataongea, atakaye na asiyetaka. Baba Solbi atawasha sakafu ya ukumbi mapema, Tak atafungua mlango. Mkutano ni Jumatatu, tarehe 16 Desemba, saa nne asubuhi, na wote wanatarajiwa.